Kuku Wangu Hakufungwa Miguu

Siku ya mwisho ya likizo ile niliamka na jibu mdomoni. "Hapana, shangazi, asante." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu jana yake, kwanza kwa sauti ya chini nikiwa chooni, kisha kichwani tu wakati mama ananisuka. Nililipima kila namna. "Hapana" peke yake ilikuwa na ukorofi. "Hapana, shangazi" ilikuwa kavu. Ile "asante" ya mwisho ndiyo iliyolifanya liweze kusemwa na mtoto wa miaka kumi mbele ya mtu mzima bila kupigwa kofi.

Sababu ya jibu hilo niliisikia kwa masikio yangu nikiwa nyuma ya jiko nasugua sufuria kwa majivu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa akikaa Mandewa, pembeni ya mji wa Singida, katika nyumba ya tembe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuwahi kupata mtoto. Alikuwa anasonga ugali wa uwele, mama anachochea moto, na mimi nilisikia mwiko ukisimama.

"Wifi," shangazi alisema, "nyinyi mna watatu. Mimi hata wa kunitua ndoo kichwani sina. Niachieni mmoja."

"Mtoto si kuku, wifi, kwamba utamkamata tu umpe mtu," mama akasema. "Aulizwe mwenyewe. Akikubali kwa kinywa chake, mimi sina neno."

"Nitamwuliza," shangazi akasema, na mwiko ukaendelea.

Hawakutaja jina, lakini hesabu ya watoto watatu haihitaji ubao. Kaka yangu alikuwa darasa la sita, mtoto wa kiume, na baba alikuwa amemwekea matumaini yote ya ukoo. Huyo asingeachwa popote. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano, bado anakojoa kitandani, na wiki hiyohiyo alikuwa amejitupa chini katikati ya soko akilia soda. Hakuna mtu anayeomba kuachiwa balaa la namna hiyo. Nilibaki mimi.

Na kosa lilikuwa langu mwenyewe, au niseme la adabu yangu. Baba alikuwa karani wa stesheni Morogoro, na kila baada ya miaka miwili serikali ilimpa waranti ya kwenda kwao na familia: treni mpaka Manyoni, halafu basi mpaka Singida. Mama hakuwa mtu wa Singida. Alizaliwa milimani Uluguru, Kinyaturu hakukijua, na alikuwa akiwaogopa wakwe kama tunavyoogopa mtihani. Kwenye treni alituambia, "Atakayenitia aibu ukweni, namwacha hukohuko." Wenzangu walicheka. Mimi niliamini, maana nilikuwa mtoto wa kuamini mambo.

Basi kwa wiki mbili nzima nikawa mtoto ambaye hata mimi nisingependa kucheza naye. Niliamkia kila mtu aliyepita, hata waliokuwa mbali wasionisikia. Nilipiga magoti kupokea kikombe. Nilifagia uwanja kabla jua halijachomoza, nikaokota mayai, nikanywa maziwa mgando bila kukunja uso. Na jioni nilikaa na shangazi mkekani nikimfundisha herufi, kwa sababu siku zile watu wazima wote walikuwa wanakwenda kisomo, na yeye alikuwa amekwama kwenye "nya" na "nga". Nilimshika mkono uliokuwa mgumu kama mpini, tukaandika pamoja. Aliniambia hajawahi kuona mwalimu mpole hivi. Nilifurahi. Nilidhani najiokoa, kumbe najitafutia.

Adabu ni kitu kizuri, lakini ina hasara zake, na hakuna mtu mzima atakayekuonya.

Asubuhi ile ya mwisho upepo ulikuwa ukivuma kama kawaida ya kiangazi cha Singida, upepo mkavu, wa baridi, unaokuja na vumbi na kukufanya usikie meno yako yanasaga mchanga. Basi lilikuwa liondoke alasiri. Baba alitaka tuzunguke mjini mara ya mwisho, tununue vitunguu na asali vya kupeleka Morogoro, halafu turudi tule, tufunge mizigo. Tukaenda wote sita kwa miguu. Mimi nilitembea karibu na mama, nikiwa nimeshika ncha ya kanga yake, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha tangu darasa la kwanza.

Dukani kwa Mhindi mama alichagua kitenge. Mke wa mwenye duka, mama mnene aliyekuwa akiongea Kinyaturu kizuri kuliko baba, alitupa peremende moja moja, akamwuliza shangazi hawa ni wa nani.

"Wa mdogo wangu," shangazi alisema, na kiganja chake kikanikalia utosini.

Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Nikameza mate, nikaliweka jibu tayari. Lakini shangazi alikiacha kiganja pale kidogo, akakiondoa, akaanza kulalamika kwamba sabuni imepotea madukani.

Sokoni tulikutana na mzee mmoja wa ukoo wao, aliyekuja kutoka upande wa Mtinko kuuza mbuzi wawili. Tulimwamkia, akatuitikia bila kututazama. Aliongea na shangazi na baba kwa Kinyaturu, muda mrefu, na mikono yake ilikuwa ikionyesha kitu kinachong'olewa na kitu kinacholazwa chini. Mimi sikuelewa neno hata moja isipokuwa "kijiji" na "Operesheni", ambayo hayakuwa ya Kinyaturu. Shangazi alishika ukosi wa koti la yule mzee, akaunyoosha, akaurudia kuunyoosha. Baba alitazama chini.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Boma la kwao, alikozaliwa shangazi na alikokuwa akitegemea kurudia uzeeni, lilikuwa limebomolewa juma lile katika Operesheni hiyo ya serikali ya kuhamishia watu vijijini. Miti ya paa ilikuwa imebebwa kupelekwa penye mistari ya kijiji kipya, ndugu wakagawiwa viwanja huku na huku. Sijui kama aliyeamua alikosea au alipatia, hayo wameyaandika wengi. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyeingia sokoni asubuhi ile akiwa na kwao, alitoka hana.

Kutoka sokoni tulishuka ziwani kwa sababu kaka alitaka kuwaona tena wale ndege warefu wa rangi ya waridi. Ziwa la Singida wakati wa kiangazi hurudi nyuma na kuacha ufuko mweupe wa magadi, unaopasuka chini ya nyayo. Kaka na mdogo wangu walikimbia mbele. Baba na mama walikaa juu ya jiwe. Shangazi alinishika mkono, akaniambia twende tukaokote chumvi ya kuku wake, na nilijua kabisa ndipo pale.

Tulitembea. Alinisimamisha mara ya kwanza.

"Uji wa uwele unaupenda?"

"Ndiyo, shangazi."

Tukaenda tena. "Upepo wetu haukusumbui?"

"Hapana, shangazi," nikasema, na nusu ya jibu langu ikatoka kwa kazi isiyo yake.

Kisha akaniuliza kama shuleni Morogoro tunakaa kwenye madawati au chini, na kama naogopa kulala peke yangu, na kama najua kwamba mtu akiwa na mwenzake nyumbani hata maji ya kunywa yanakuwa na ladha. Hilo la mwisho halikuwa swali. Niliitikia tu. Tulirudi na magadi kwenye pindo la kanga yake, na swali lenyewe, lile nililokuwa nimelijengea ngome, hakulileta. Nilianza kupumua. Nilifikiri, labda ameona haya. Labda mama amemkatalia kabisa. Nilipowafikia mama na baba pale jiweni nilikuwa karibu kuimba.

Tukala mchana. Ugali, mlenda, na jogoo mzima aliyechinjwa kwa ajili ya safari. Kisha shangazi akatoka uwanjani na punje za mtama kiganjani, akaanza kuwaita kuku.

Kuku wa shangazi walijulikana. Hata mke wa mwenye duka alikuwa akiagiza mayai kwake. Alimkamata jogoo mdogo mwekundu, akamgeuza kichwa chini, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akampa kaka. "Huyu wako. Nenda naye salama." Kaka akashukuru. Akamkamata mtetea mweupe, akamfunga vilevile, akampa mdogo wangu, ambaye alimwangusha palepale. Yule mtetea akalala ubavu, mdomo wazi, jicho moja likitazama juu kwenye jua, na kamba ikiwa imeingia kwenye ngozi ya mguu. Sikuweza kuacha kumtazama. Safari ilikuwa ya siku moja na usiku mzima.

Halafu akamkamata wa tatu. Alikuwa mtetea mweusi, kishingo, mwenye shingo tupu nyekundu isiyo na unyoya, sura ya bibi kizee aliyevuliwa kilemba. Nilikuwa nikimpenda kuliko wote kwa sababu nilimwokotea mayai wiki mbili na hakuwahi kunidonoa. Shangazi alimleta mbele yangu. Hakumgeuza kichwa chini. Alimpakata, kamba ikining'inia kwenye kidole chake, akanitazama usoni.

"Na huyu wako," akasema. "Nimfunge, au abaki?"

Nikamtazama yule mweupe pale chini. Nikamtazama kishingo wangu. Nilikuwa tayari nimeshapata mpango: ningempakata ndani ya kanga ya mama njia nzima, kama mtoto.

"Asifungwe, shangazi," nikasema. Na kwa kuwa neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni tangu alfajiri, nikaongeza, "Asante."

Shangazi alimshusha kuku taratibu. Kuku akajitikisa, akaenda zake kudonoa. Shangazi alinishika mashavu kwa mikono miwili iliyonuka manyoya na mtama, akasema kitu kwa Kinyaturu, na machozi yakamtoka. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kulizwa na huruma kwa kuku. Nilimwona ana moyo mzuri.

Mlangoni baba alikuwa amepiga goti akifunga sanduku la bati kwa kamba. Aliinua kichwa. Alinitazama, na kinywa chake kikafunguka kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa. Kisha akainama, akakaza fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa.

Sasa nieleze jambo ambalo uwanjani pale shangazi na baba walilijua, na mimi, ndugu zangu na mama hatukulijua. Katika nyumba ile, na katika nyumba za ukoo wao wote, mgeni ndiye anayefungiwa kuku. Kuku anafungwa miguu, mgeni anaondoka naye. Mwenye nyumba hafungiwi, kwa sababu kuku wake yuko kwake. Kumwambia mtu aliyekupa mnyama "abaki" ni kusema mimi ni wa hapa. Hivyo ndivyo wanavyomwuliza mtoto anayepewa nyumba mpya, au binti anayechumbiwa, kwa sababu kumwuliza mtu waziwazi "utakaa nami?" ni kumkaba koo, hasa mtoto, ambaye hawezi kumwambia mkubwa hapana. Wanamwuliza kwa mnyama ili awe huru kukataa. Ni desturi yenye heshima kubwa. Sijawahi kuona desturi nyingine iliyonichungia uhuru wangu vizuri kiasi kile na kuupoteza.

Shangazi alinipa heshima ya mtu mzima. Alidhani baba ametufundisha.

Stendi tulifika mapema. Kaka alibeba jogoo wake, mama alibeba mtetea wa mdogo wangu, baba na mtu wa mkokoteni walileta sanduku na tenga la vitunguu. Mimi nilikuwa mikono mitupu. Nilipokuwa natoka nyumbani niliwahi kumwuliza shangazi kishingo yuko wapi, akaniambia yupo, usiwe na wasiwasi, na mimi nikafikiri yumo kwenye tenga. Mtoto anayetaka kwenda nyumbani hujieleza kila kitu.

Utingo akaanza kupiga ubavu wa basi. Kaka akapanda. Mama akampandisha mdogo wangu, akapanda mwenyewe bila kugeuka. Nilipoweka mguu kwenye ngazi, mkono wa baba ukanishika bega.

"Wewe unabaki na shangazi yako," akasema. Sauti yake ilikuwa ya ofisini, ile aliyowaambia abiria kwamba treni imechelewa. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema lini, baba?"

"Uwanjani. Kwa habari ya kuku."

Nilimtazama. Nilikuwa bado sijaelewa habari ya kuku, lakini nilielewa mkono ule begani. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa ameshakaa dirishani, ameziba mdomo kwa pindo la kanga, na alikuwa akinitazama moja kwa moja usoni. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Nilingoja aseme neno. Nilifikiri, mama atasema, mama ndiye aliyesema mtoto si kuku. Hakusema.

Na mimi jibu langu nilikuwa nalo. Lilikuwa palepale, limepigwa pasi, na asante yake mwishoni. Lakini shangazi alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, anacheka kwa furaha, na watu wa Mandewa waliokuja kutusindikiza walikuwa wamesimama wanatabasamu, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akishapokea kitu humnyang'anyi mbele za watu. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nikingoja swali, kwa sababu jibu bila swali ni ukorofi.

Basi likaondoka. Kaka alinipungia mkono kwa kutumia jogoo. Vumbi lilipotulia tulikuwa wawili tu, mimi na mwanamke niliyemjua kwa wiki mbili, tukatembea kurudi Mandewa na upepo ukitupiga mgongoni. Uwanjani kishingo alikuwa anachakura kwenye majivu. Nilipomwona ndipo nikalia, na shangazi akadhani nalia kwa sababu ya safari ya wenzangu, akanikorogea uji wa uwele na kuutia sukari yote iliyobaki kwenye kopo.

Nilikaa naye miaka minane. Sitaki mtu adhani nilidhulumiwa. Shangazi hakuwahi kunipiga, alinipeleka shule, aliniwekea nyama yangu pembeni hata nikichelewa. Alinipenda kwa nguvu zote alizokuwa amezitunza. Lakini upweke hautibiwi na mtu kukupenda. Nao huenda ukazidi, maana huna wa kumlalamikia. Nililala kwenye kitanda cha peke yangu, mimi niliyezoea teke la mdogo wangu, na nilikuwa nikiamka kavu, bila mkojo wa mtu, na kuona vibaya.

Hata barua sikuweza kuandika kama nilivyotaka. Shangazi alikuwa bado anakwenda kisomo, na barua zangu ndizo zilizokuwa kitabu chake. Kila Jumapili nikimaliza kuandika, alizisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, neno moja baada ya jingine. Ungeandikaje "nataka kurudi nyumbani" kwa mtu ambaye atalisoma silabi kwa silabi, na ukamsahihisha akikosea? Niliandika, "Mimi ni mzima, sina neno, hofu na mashaka ni juu yenu." Nilichagua maneno mepesi ili asikwame. Morogoro wakayapokea maneno hayohayo, na wakaamini.

Kwa majirani, kwa mwalimu wake wa kisomo, kwa mke wa mwenye duka, shangazi alikuwa na habari moja aliyoisimulia mpaka kufa kwake. "Huyu sikumwomba kwa mtu. Alinichagua mwenyewe. Nilimwuliza vizuri, akasema asifungwe." Na watu walinitazama kwa heshima. Mara ya kwanza niliposikia maelezo yote, na kuelewa, nilikuwa na miaka kumi na mbili, natoka kuteka maji. Nilitua ndoo. Nilitaka kusema. Nikamwona alivyokuwa amekaa, mgongo umenyooka, kama mtu aliyewahi kuchaguliwa mara moja tu maishani. Nikanyamaza, na nilinyamaza mpaka tulipomzika.

Baba naye alikufa bila kulizungumza. Alikuwa amelelewa na dada yake huyo baada ya mama yao kufariki, alibebwa mgongoni mwake, alisomeshwa kwa mayai yake. Alijua kwamba mimi siijui desturi ile. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka mingi, na sehemu yake bado ipo, naitunza.

Lakini mama ndiye aliyeniumiza kuliko wote, na kwa upole mtupu. Nilipokwenda Morogoro mara ya kwanza baada ya miaka miwili, alinikaribisha kiti. Wenzangu walikaa mkekani, mimi nikapewa kiti, na sahani ya maua iliyokuwa ya wageni. Hakunituma dukani. Hakunigombeza nilipovunja kikombe, alisema tu, "Usijali, mwanangu, pole." Angenipiga kibao ningemshukuru. Na siku ya kuondoka alikamata kuku, akamfunga miguu, akanikabidhi mlangoni. Desturi ya ukweni alikuwa ameshaisikia, akaishika kuliko wenyewe. Kila nilipokwenda, miaka yote, hata nilipoolewa, hata nilipokuwa na wajukuu wa kumpelekea, niliondoka kwa mama na kuku aliyefungwa.

Safari moja, si zamani sana, nilikuwa nimekaa naye ukumbini. Yeye amekuwa mdogo, miguu haifiki chini vizuri akikaa kitini, lakini kichwa chake kizima. Alikuwa anachambua mchele. Bila kupanga nikamwambia.

"Mama, siku ile Singida sikujua. Nilimwonea huruma kuku."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Nilimweleza yote: mtetea mweupe chini, kamba kwenye ngozi, mpango wangu wa kumpakata kishingo ndani ya kanga yake. Nikamweleza na jibu nililokuwa nimeliandaa. Alisikiliza kichwa kikiwa chini. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli.

"Baba yako aliniambia umemchagua wifi," akasema. "Alisema, mtoto amekubali kwa kinywa chake, kama ulivyotaka. Nikasema basi, ana haki. Mimi ndiye niliyeweka sharti." Akaondoa punje mbovu, akaitupa. "Lakini nilikaa upande wa dirisha nikijua utasema hapana. Nilikutazama useme. Basi likaondoka nikawa bado nakungoja. Nilikungoja mpaka Manyoni."

Nilimsaidia kuchambua mchele mpaka ukaisha.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kurudi. Mama alitoka uwanjani kwa mkongojo, akamwagia kuku punje, akamwita mjukuu mmoja amkamatie mtetea. Nilikuwa navaa viatu mlangoni. Alikuja na kuku na kamba mikononi, akasimama mbele yangu. Alikuwa anahema.

"Huyu," akasema. "Nimfunge, au abaki?"

Nilisimama na kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa na tiketi mkononi, na nyumba yangu, na maisha yangu yote kwingine.

"Asifungwe, mama."

Akamwachia. Kuku akajitikisa, akakimbilia nyuma ya jiko, na mama akanigombeza kwamba nitachelewa basi nikiendelea kusimama pale kama mlingoti. Nilipanda basi mikono mitupu.